R.A. Dickey: Mrushaji aliyehangaika ligi ndogo hadi kutwaa tuzo ya Cy Young

JANUARI 2012, miongoni mwa wageni waliofika nchini Tanzania kupanda Mlima Kilimanjaro alikuwamo Mmarekani mwenye ndevu, Robert Allen Dickey, aliyekuwa na umri wa miaka 37 na ambaye kazi yake ilikuwa kurusha mpira wa besiboli. Klabu yake, New York Mets, haikuifurahia safari hiyo. Ilimwandikia barua kumkumbusha kwamba endapo angeumia mlimani, ilikuwa na haki ya kuuvunja mkataba wake wa msimu huo, wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 4 za Marekani. Dickey aliisoma barua hiyo, akafunga mizigo yake, akaenda.

Alifuatana na mrushaji mwenzake, Kevin Slowey, pamoja na Dave Racaniello, aliyekuwa akiwadakia mipira warushaji wa Mets wakati wa kupasha misuli. Walifika kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na safari yao ikachangisha zaidi ya dola 100,000 kwa ajili ya shirika linalowasaidia wanawake na wasichana waliouzwa katika biashara ya ukahaba mjini Mumbai, India. Hamu ya kuupanda mlima huo ilimwingia tangu ujana wake, aliposoma hadithi ya mwandishi Ernest Hemingway inayoutaja.

Miezi kumi baadaye, Novemba 2012, Dickey alitangazwa mshindi wa tuzo ya Cy Young, inayotolewa kwa mrushaji bora wa mwaka. Aliipata akiwa na miaka 38, umri ambao warushaji wengi huwa wamekwisha kustaafu, na aliipata kwa kutumia mtupo ambao karibu makocha wote wa Marekani huwakataza vijana wao.

Kwa msomaji ambaye hakuzoea besiboli, yafaa kueleza kidogo. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji aliye umbali wa mita 18.44, akilenga asiweze kuupiga vizuri. Mchezo una vipindi tisa na hauna kikomo cha muda. Timu hubadilishana zamu baada ya wapigaji watatu kuondolewa. Pigo linalomuumiza mrushaji kuliko yote ni lile linaloruka juu ya uzio na kwenda kwa watazamaji, maana hapo mpigaji huzunguka besi zote nne kwa starehe zake, na mlinzi hana la kufanya.

Ligi Kuu ya Marekani ina klabu 30. Chini yake kuna ngazi za ligi ndogo, ya juu kabisa ikiitwa Tatu A, ambako kila klabu kubwa huwaweka wachezaji wake wa akiba na chipukizi. Tofauti ya maisha kati ya ngazi hizo mbili ni kubwa mno. Hata baada ya wachezaji wa ligi ndogo kupata mkataba wa chama chao kwa mara ya kwanza mwaka 2023, mshahara wa chini wa Tatu A ulipanda hadi dola 35,800 kwa mwaka tu, ilhali kima cha chini cha Ligi Kuu mwaka huohuo kilikuwa dola 720,000. Kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya zaidi. Kati ya wanaoingia ligi ndogo, wengi hawafiki juu hata kwa siku moja, na baadhi ya wanaofika hupanda na kushuka kama ndoo ya kisima. Dickey alikuwa katika kundi hili la pili kwa sehemu kubwa ya ujana wake.

Picha iliyomgharimu dola 735,000

Dickey alizaliwa Oktoba 29, 1974, mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee. Utoto wake haukuwa mwepesi. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2012 alifichua kwamba alidhulumiwa kingono akiwa na miaka minane, siri aliyoibeba hadi utu uzima. Aliyesoma habari hiyo hawezi kushangaa kwa nini fedha za Kilimanjaro zilielekezwa Mumbai.

Alisoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Tennessee, na mapenzi ya vitabu hayakumtoka. Alipokuwa mchezaji mkubwa alilipa gongo lake jina la upanga uliomo katika utenzi wa kale wa Beowulf. Chuoni alikuwa mrushaji mwenye nguvu, na mwaka 1996 alikuwamo katika timu ya Marekani iliyotwaa medali ya shaba katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Mwaka huohuo klabu ya Texas Rangers ilimchagua katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji chipukizi, akiwa wa 18 nchini kote, na kumwahidi dola 810,000 za kusaini.

Kilichofuata ni miongoni mwa mikasa inayosimuliwa sana katika mchezo huo. Kabla ya kusaini, jarida moja la besiboli lilichapisha picha ya warushaji wa timu ya Olimpiki wakiwa wamesimama pamoja. Mtaalamu wa tiba wa Rangers aliitazama picha hiyo, akaona kwamba mkono wa kulia wa Dickey umening'inia kwa namna isiyo ya kawaida, kiwiko kikiwa kimejikunja kuliko vya wenzake. Klabu ikaamuru apimwe upya. Madaktari wakagundua kwamba kijana huyo hakuwa na kano ya ndani ya kiwiko, ile inayoushikilia mkono wa mrushaji usiachane kwa nguvu ya mtupo. Kwa maelezo ya kitabibu, hata kuzungusha kitasa cha mlango kulipaswa kumtia maumivu.

Rangers waliifuta ahadi yao. Baadaye walirudi na dola 75,000, naye akazipokea. Kiwiko hakikuwa kimemuuma hata siku moja, lakini dola 735,000 zilikuwa zimeyeyuka kwa sababu ya picha ya gazetini.

Kuna jambo la kustaajabisha hapa. Septemba 1974, mwezi mmoja kabla Dickey hajazaliwa, daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kwanza wa kubadilisha kano hiyohiyo, na tangu hapo mamia ya warushaji wamekatwa viwiko ili wabadilishiwe kano zilizochanika. Dickey hakuwahi kuhitaji upasuaji huo, kwani hakuwa na kitu cha kuchanika.

Miaka ya kupanda na kushuka

Alianza kazi mwaka 1997 huko Port Charlotte, Florida, akapita Tulsa, kisha akafika Oklahoma City, kituo cha Tatu A cha Rangers. Aprili 22, 2001, akiwa na miaka 26, alirusha kwa mara ya kwanza katika Ligi Kuu dhidi ya Oakland. Alicheza mechi nne, akarudishwa chini, na mwaka mzima wa 2002 aliumaliza Oklahoma. Mwaka 2003 alipata nafasi ya kutosha, akashinda michezo tisa na kupoteza minane. Mwaka uliofuata akashinda sita na kupoteza saba. Takwimu hizo ni za mchezaji anayevumiliwa hadi apatikane mwingine. Aidha, kasi ya mtupo wake, iliyokuwa ikivuka maili 90 kwa saa enzi za chuo, ilikuwa imeshuka sana.

Mwaka 2005 kocha mkuu wa Rangers, Buck Showalter, na kocha wa warushaji, Orel Hershiser, walimwita na kumweleza ukweli bila kuupaka sukari: kwa mitupo aliyokuwa nayo hakuwa na mustakabali. Walikuwa wameona hata hivyo kwamba mmoja kati ya mitupo yake, ambao yeye mwenyewe alikuwa akiuita "kile kitu" kwa kukosa jina, ulikuwa wa aina ya pekee. Wakamshauri aache mingine yote aushike huo.

Mtupo huo Wamarekani wanauita mpira wa vifundo, kwa sababu waanzilishi wake waliushika kwa vifundo vya vidole, ijapokuwa siku hizi hushikwa kwa ncha za kucha mbili. Mtupo wa kawaida wa kasi hujizungusha mara 15 au zaidi kabla ya kumfikia mpigaji, na mzunguko huo ndio unaoushikilia katika njia yake. Mpira wa vifundo hutakiwa ufike ukiwa umejizungusha mara moja tu au chini ya hapo. Usipozunguka, upepo huvutana na mishono yake myekundu upande mmoja kuliko mwingine, na kadiri mishono inavyogeuka polepole ndivyo mpira unavyoyumba kushoto, kulia au chini. Mpigaji hajui unakokwenda. Mdakaji hajui pia, na ndiyo maana huvaa glavu kubwa kuliko ya kawaida. Mrushaji mwenyewe, akiwa mkweli, atakiri kwamba naye hajui.

Hatari yake ni kwamba ukizunguka zaidi kidogo tu, unakuwa mpira mwepesi, wa polepole, ulionyooka. Mpigaji wa Ligi Kuu hawezi kuomba zawadi kubwa kuliko hiyo. Kosa la milimita chache kwenye kucha linatosha. Kwa sababu hiyo warushaji wa aina hii wamekuwa wachache katika kila kizazi, nao hupeana siri za kazi bila kujali klabu, mithili ya waganga wa ukoo mmoja. Dickey alimwendea Charlie Hough, aliyedumu Ligi Kuu kwa misimu 25, naye akamsahihisha namna ya kuushika mpira. Baadaye alijifunza pia kwa Tim Wakefield wa Boston Red Sox na kwa Phil Niekro, mshindi wa michezo 318.

Jaribio lake la kwanza kubwa lilikuja Aprili 6, 2006, mbele ya mashabiki wa Rangers mjini Arlington, dhidi ya Detroit Tigers. Ulikuwa usiku wa aibu. Katika vipindi vitatu na mpigaji mmoja, Tigers walimpiga mapigo sita ya kuvuka uzio, idadi iliyolingana na rekodi mbaya kuliko zote ya besiboli ya zama hizi. Alirudishwa Oklahoma mara moja, na msimu ulipokwisha Rangers waliachana naye. Alikuwa na miaka 31 na familia ya kulisha.

Mwaka 2007 alisaini ligi ndogo na Milwaukee Brewers, wakampeleka Nashville, mji alikozaliwa. Ni katika msimu huo, timu ilipokuwa safarini Omaha, alipoamua kujaribu kuuvuka mto Missouri kwa kuogelea. Mkondo ulimzidi nguvu, akageuka akiwa amekwisha kukata tamaa ya kuishi, na mchezaji mwenzake akamsaidia kutoka majini. Dickey ameandika kwamba mtu aliyetoka mtoni siku ile hakuwa yule aliyeingia. Wasomaji wana hiari ya kulipokea hilo wapendavyo, lakini takwimu za Nashville zinasema alimaliza msimu kwa ushindi wa michezo 13 na kupoteza sita, na kuchaguliwa mrushaji bora wa ligi ile.

Hata hivyo mlango haukufunguka wote. Mwaka 2008 alikuwa Seattle Mariners, akipanda na kushuka kati ya hapo na Tacoma. Agosti mwaka huo mitupo yake minne ilimpita mdakaji katika kipindi kimoja, rekodi nyingine ambayo hakuna mrushaji anayeitafuta. Mwaka 2009 alikuwa Minnesota Twins, kisha Rochester. Msimu wa 2010 ulipokaribia, Mets walimpa mkataba wa ligi ndogo, na kambi ya mazoezi ilipoanza kupunguza watu, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuondolewa.

Alipelekwa Buffalo. Aprili 29, 2010, mpigaji wa kwanza wa Durham Bulls alimpiga pigo safi. Dickey akawaondoa wote 27 waliofuata, mfululizo, hadi mchezo ukaisha. Mei 19 Mets walimwita New York. Alikuwa na miaka 35.

Kilele

Safari hii hakurudishwa tena. Alimaliza mwaka 2010 kwa ushindi wa michezo 11 na wastani wa kuruhusu mikimbio 2.84 kwa kila vipindi tisa, na Januari 2011 akasaini mkataba wa miaka miwili. Kwa mara ya kwanza tangu awe mchezaji wa kulipwa, alikuwa na hakika ya mahali atakapokula mwakani.

Kilichomtofautisha na waliomtangulia ni kasi. Wakefield aliurusha mpira wa vifundo kwa takriban maili 66 kwa saa. Dickey aliusukuma hadi karibu 80, sawa na kilomita 128, bila kuuzungusha. Mpigaji aliyezoea kuusubiri uyumbe alijikuta umekwisha kumpita.

Juni 2012 aliwachezea Tampa Bay Rays na kuwaruhusu pigo safi moja tu katika mchezo mzima. Siku tano baadaye akafanya vilevile dhidi ya Baltimore Orioles. Hapakuwa na mrushaji yeyote aliyefanya hivyo katika michezo miwili mfululizo tangu Dave Stieb mwaka 1988. Baltimore jioni hiyo iliongozwa na Buck Showalter, yuleyule aliyemwambia mwaka 2005 kwamba hana mustakabali bila mtupo ule.

Septemba 27, 2012, aliwashinda Pittsburgh Pirates na kufikisha ushindi wa 20, jambo ambalo hakuna mrushaji wa Mets aliyelifanya tangu mwaka 1990. Kwa ujumla msimu huo alishinda michezo 20 na kupoteza sita, akawaondoa wapigaji 230 kwa kukosa mapigo matatu, na wastani wake ukawa mikimbio 2.73. Alicheza sehemu kubwa ya msimu akiwa na msuli wa tumbo uliochanika, uliofanyiwa upasuaji Oktoba. Ikumbukwe kwamba timu yake ilikuwa dhaifu: Mets walishinda michezo 74 tu kati ya 162, maana yake zaidi ya robo ya ushindi wao ilitoka kwa mtu mmoja.

Waandishi wanaopiga kura ya Cy Young walimpa nafasi ya kwanza kwa kura 27 kati ya 32. Tuzo hiyo imekuwapo tangu mwaka 1956, na hakuna mrushaji wa mpira wa vifundo aliyekuwa ameipata kabla yake, si Niekro wala Hough wala Wakefield.

Mwezi mmoja baadaye Mets walimuuza. Biashara haina huruma, na mchezaji wa miaka 38 thamani yake haipandi tena. Toronto Blue Jays walimchukua pamoja na mdakaji wake, Josh Thole, aliyezoea kuudaka mpira huo mgumu, wakampa nyongeza ya mkataba ya dola milioni 25 kwa miaka miwili. Kwa upande wao Mets walipata chipukizi Noah Syndergaard na Travis d'Arnaud, ambao mwaka 2015 waliisaidia klabu hiyo kufika fainali ya ubingwa, kwa hiyo si rahisi kusema walikosea.

Huko Toronto hakuwa tena yule wa 2012. Katika misimu minne alishinda michezo 49 na kupoteza 52, ingawa alidumu uwanjani kwa uaminifu, akivuka vipindi 200 mwaka 2013, 2014 na 2015. Mwaka huo wa 2015 ndipo alipocheza mechi ya mchujo wa ubingwa kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 40, na ratiba ikamrudisha Arlington, katika uwanja uleule alikopigwa mapigo sita mwaka 2006, dhidi ya Rangers haohao waliompunguzia fedha mwaka 1996. Blue Jays waliongoza kwa mikimbio 7 kwa 1 katika kipindi cha tano. Dickey alibakiza mpigaji mmoja tu ili aandikiwe ushindi, na hapo kocha John Gibbons akatoka, akamnyang'anya mpira na kumkabidhi David Price. Toronto walishinda 8 kwa 4. Uamuzi huo ulijadiliwa kwa siku kadhaa. Katika mfululizo uliofuata, dhidi ya Kansas City, Dickey hakumaliza hata kipindi cha pili.

Alicheza msimu wa mwisho mwaka 2017 na Atlanta Braves, akashinda michezo 10 na kupoteza 10. Hesabu yake yote katika Ligi Kuu ni ushindi 120 na vipigo 118. Kati ya ushindi huo, 22 tu ulipatikana kabla ya kutimiza miaka 35.

Niekro alifariki Desemba 2020, na Wakefield Oktoba 2023. Mtupo wao umekuwa adimu, kwani klabu za leo hutafuta vijana wanaovuka maili 95 kwa saa na hazina subira na mwingine yeyote. Mwaka 2023 Matt Waldron alipandishwa na San Diego Padres kutoka Tatu A, akiwa na miaka 26, umri uleule aliokuwa nao Dickey alipoitwa na Rangers kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa mitupo yake ulikuwamo mpira wa vifundo.